Ukuta wa Kibla wa Lukamba

Ukifika Kindu siku hizi na kuuliza nani anaweza kukupeleka kuona msikiti wa zamani, utaambiwa hakuna. Lakini kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja tu, uulize sokoni Kasuku au huku kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto: "Tafuta Soudi."

Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, goti moja halikunjiki sawasawa. Alikuwa na pikipiki aliyoisugua kwa mchanga wa Lualaba hadi rangi ikabanduka. Alikuchukua asubuhi, akakurudisha kabla ya magharibi, wewe peke yako au wewe na mwenzako, hakupenda makundi. Hakuwa na ofisi wala kibao mlangoni. Tena hakuwa msemaji, jambo lililowashangaza wageni, maana kazi ya kutembeza watu ni kazi ya mdomo.

Sisi majirani hatukushangaa. Tulidhani tunamjua.

Kabla ya vita Soudi alikuwa msukuma baiskeli. Treni ilianza kuchelewa, kisha ikawa inakuja kwa bahati, kisha haikuja kabisa, na mali ya Maniema ikabaki kutembea kwa nguvu za wanaume: baiskeli isiyo na pedali, gunia la mchele au madumu ya mafuta ya mawese juu yake, fimbo imefungwa kwenye usukani, na mtu anasukuma kwenye tope siku nenda siku rudi. Katika safari hizo alizoea kulala Lukamba, kijiji cha Waislamu upande wetu huu wa mto, kwenye barabara ya kuelekea Kasongo. Huko ndiko alikomwona Zaina. Alioa. Mtoto wao wa kike alizaliwa mwaka ule waasi walipoingia Kindu, wakamwita Mwavita, jina tunalowapa wasichana waliokutana na vita mlangoni mwa dunia.

Lukamba ilijulikana kwa msikiti wake. Waliujenga mababu wa Zaina enzi za waungwana, wakati misafara ya pwani ilipokuja Maniema kutafuta pembe na watu. Baadhi ya wajenzi walikuja na misafara hiyo, wengine walikuwa watu wa hapa hapa waliokamatwa, wakasilimu, wakabaki. Kuta zake zilikuwa za udongo, nene kama kifua cha ng'ombe. Mihrabu ilipakwa chokaa ya makombe ya mto, na mlango ulikuwa wa mti mgumu uliochongwa maua na minyororo. Watu wa Lukamba walisema nyumba ile imekwisha kuona mambo yote, haliwezi kuja jambo jipya.

Mwaka wa elfu mbili na mbili mji ulifungwa. Wenye bunduki wa serikali ya waasi walishika mji, wenye bunduki wa msituni wakashika msitu, na sisi tukawa katikati. Ukitoka kwenda shambani, wa mjini wanasema wewe ni mtu wa pori. Ukirudi, wa porini wanasema wewe ni mtu wa mji. Mihogo ilioza ardhini huku watu wanakufa njaa wakiiangalia kwa mbali. Chumvi iliuzwa kwa kijiko cha chai.

Soudi akaamua kumpeleka mke na mtoto Lukamba. "Kule kuko chakula kidogo," alimwambia Zaina. "Na hakuna askari atapiga nyumba ya Mungu."

Walifika salama. Lakini hata Lukamba hapakuwa na chumvi, wala dawa, na Mwavita alikuwa na homa. Soudi akafunga dumu la mafuta kwenye baiskeli ili akauze Kasuku, anunue chumvi na kinini, dawa ya homa.

Zaina alimsindikiza hadi nyumba ya mwisho ya kijiji, mtoto mgongoni.

"Usikawie, baba Mwavita."

"Ijumaa nitasali hapa."

Alivuka mto, akauza mafuta, akapata chumvi na dawa. Aliporudi ufukweni alikuta mitumbwi yote imevutwa nchi kavu na kutobolewa kwa shoka. Kulikuwa na mapigano upande wa Alunguli, na amri imetoka kwamba hakuna mtu kuvuka. Soudi alikaa pale na furushi lake mapajani. Ng'ambo aliona moshi wa majiko ya kwetu.

Alijaribu mara ya kwanza kwa kuogelea na gogo, mkondo ukamrudisha. Mara ya pili alikamatwa kwenye matete. Askari walimuuliza dawa ile anawapelekea nani. Akasema mtoto wangu. Walicheka, wakamvunja goti kwa kitako cha bunduki, wakaichukua dawa. Chumvi walimwachia. Hakujua kwa nini.

Njia ilifunguka miezi mingi baadaye. Soudi alitembea kwa gongo hadi Lukamba, na kabla hajaifikia nyumba ya kwanza alimwona Abedi, mdogo wake Zaina, anakuja mbio kumpokea. Abedi alikuwa bado kijana, ndevu hazijajaa. Alimpokea mzigo, kisha akasimama bila kusogea.

"Shemeji, ikaa kwanza."

Soudi hakukaa. "Wote wawili?"

"Wote wawili."

Surua ilipita ikawazoa watoto. Mwavita alikwenda pamoja nao. Zaina alifuata baada ya siku chache, kwa tumbo la kuhara, kwa sababu watu walikunywa maji yoyote waliyoyapata. Makaburi ya kijiji yalikuwa upande wa pili wa barabara, na barabarani walipita watu wenye bunduki, basi waliwazika hapo hapo, nyuma ya msikiti, wamepangwa kando ya ukuta wa kibla. Hawakuandika majina. Kila kichwa kiliwekewa jiwe jeusi la mtoni. Abedi alimwonyesha jiwe la Zaina, na kando yake jiwe dogo.

Soudi aliiacha chumvi pale pale kwa Abedi, akarudi mjini.

Baadaye alioa tena. Espérance ni Mkristo, mwenyeji wa Kibombo, mwanamke wa maneno machache kama yeye. Vita vilimchukulia kaka yake, ambaye alitoka nyumbani asubuhi kutafuta kuni na hakuonekana tena. Walizaa, wakajenga nyumba ya matofali hapa Alunguli. Soudi hakumwambia kitu kuhusu Lukamba, ila kwamba alikuwa na mke, akafariki. Espérance hakuuliza.

Kazi ya kutembeza wageni ilianza bila yeye kuitafuta. Amani ilipokuja ilikuja na wageni, na mmoja wao, mwanamke aliyekuwa anachunguza majumba ya kale, aliuliza kama kuna mtu anayeijua njia ya Lukamba. Soudi alikuwa ameshapata pikipiki, akampeleka. Mwanamke yule alipoingia ndani kupima kuta na kupiga picha mlango, Soudi alizunguka nyuma. Alikaa chini kati ya yale mawe mawili, akaegemea ukuta. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Alikuja na mgeni, na anamngojea mgeni wake.

Toka siku hiyo aliwakubali wote waliotaka kwenda. Walimu, mapadri, watoto wa Kindu waliokulia ugenini. Alikuwa na maneno yake machache ya mlangoni kuhusu waungwana na chokaa ya makombe, halafu aliwaambia, "Tazameni polepole, mimi ninapumzika kidogo." Wengine walimwona mvivu. Wengine walidhani anakwenda kusali, nao hawakukosea sana.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Masika ya mwaka jana yalikuwa makali. Daraja moja kwenye njia ya Lukamba lilichukuliwa na maji, hakuna pikipiki iliyopita kwa muda mrefu. Kiangazi kilipoanza wakaweka magogo, na karibu siku zile zile akaja mama mmoja kutoka Lubumbashi, Françoise, muuguzi mstaafu. Alizaliwa Kindu. Baba yake alikuwa dereva wa treni, na alihamishwa binti akiwa bado mtoto. Alitaka siku moja ya peke yake, aone mahali alipozaliwa, halafu aone msikiti ambao baba yake alikuwa akiusimulia.

Soudi alianza kwa kumpeleka stesheni. Nyasi zilikuwa zimemeza reli, mbuzi wamelala kwenye kivuli cha behewa lenye kutu. Mama Françoise alitafuta nyumba yao kwenye mstari wa nyumba za wafanyakazi. Alisimama mbele ya moja, akasogea kwa nyingine, akarudi.

"Papa Soudi, sitambui," alisema. "Nilizani mwili utakumbuka wenyewe."

"Miaka ni mingi, mama."

"Twende ku musikiti. Ile angalau haihami."

Wakavuka kwa mtumbwi wa moteri, pikipiki imelazwa katikati, wakashika barabara. Njia ilikuwa mbaya, lakini karibu na Lukamba shimo lile kubwa lililokuwa likizamisha magari lilikuwa limejazwa udongo mwekundu, umeshindiliwa vizuri. Soudi alifurahi. "Wamefanya kazi," alisema kwa sauti, na pikipiki ikapita laini.

Waliingia kijijini. Soudi alizima pikipiki, akashuka, akaangalia mbele. Mama Françoise aliyekuwa bado nyuma yake aliuliza, "Njo wapi, ile musikiti?"

Hapakuwa na msikiti. Palikuwa na uwanja uliokwanguliwa, marundo ya matofali ya kuchoma, mchanga, magunia ya saruji yamefunikwa turubai, na msingi mpya, mpana kuliko wa zamani, umeshapandishwa hadi kiunoni. Mlango wa kuchongwa ulikuwa umelazwa kwenye majani, mafundi wanachanganyia saruji juu yake.

"Papa Soudi," mama Françoise alisema, "umenileta kuona nini?"

Soudi alifanya jambo ambalo mama yule alinieleza baadaye akiwa bado analishangaa. Aliingia katikati ya msingi, akasimama, akaanza maneno yake ya siku zote. "Hapa ilikuwa mulango. Waliujenga waungwana, na wenyeji waliosilimu. Hapa mbele..." Akanyoosha mkono upande wa kibla. Upande ule msingi ulikuwa umesogezwa nje, mbali na ulipokuwa ukuta wa zamani. Mkono ulibaki hewani. Kisha akakimbia na lile goti lake, akaruka mtaro, akaanza kuzunguka nyuma akitazama chini, akipindua mbao, akivuta turubai.

Abedi alitoka nyumbani kwake akiwa anafunga vifungo vya kanzu. Sasa ndiye imamu wa Lukamba, ndevu zimeingia mvi. Alipomwona Soudi alipunguza mwendo.

"Shemeji."

"Iko wapi?"

"Shemeji, njoo kwanza nyumbani, unywe maji."

"Zaina iko wapi?"

Mafundi waliacha kuchanganya. Abedi alimshika mkono, na alieleza pale pale wamesimama. Masika yale ukuta wa kibla ulianguka. Ulikuwa umelowa toka chini, ukamwangukia mama mmoja aliyekuwa anafagia, akafa hapo hapo, mama mwenye watoto wadogo. Watu wakakataa kusali tena ndani. Mfadhili mmoja akajitolea saruji, lakini alitaka msikiti mpana, wenye kuingiza watu wote. Fundi akapima. Mtaro ukapita kwenye makaburi.

"Tulizungumza siku nyingi," Abedi alisema. "Wazee walisema wafu wasizuie wazima kusali. Tukafukua kwa mikono, si kwa jembe, wallahi. Mifupa tuliyoiona tuliifunga ndani ya sanda mupya, tukaswali, tukaizika kule ku makaburi. Mahali pamoja."

"Pamoja na nani?"

"Wote waliokuwa pa ukuta. Mawe yalikuwa yamesukumwa na maji, shemeji. Hatukuweza kusema huyu ni nani, huyu ni nani."

Soudi alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza habari za mji mwingine. Kisha akauliza, "Na mutoto?"

Abedi aliangalia chini.

"Abedi. Na mutoto?"

"Ya watoto haikuonekana kitu. Mifupa ya mutoto ni laini, udongo ule unaikula. Tulitafuta. Mimi mwenyewe nilichuja kwa vidole."

"Udongo wenyewe uko wapi?"

Mtu mwingine angedanganya. Abedi ni mtu wa kweli, na siku ile ukweli wake haukumsaidia yeyote.

"Vijana waliubeba," alisema. "Walijazia shimo la barabara."

Mama Françoise alikuwa amesogea karibu, amesikia yote, na ndipo alipoelewa. Aliweka mkono mdomoni. Soudi alikuwa amegeuka anatazama njia waliyokuja nayo.

"Juu ya nini hamukuniita?" aliuliza bila kugeuka. "Ningekuja kwa miguu."

"Nilimutuma muntu mwenye kwenda kuuza mpunga. Hakufika?"

"Hapana."

Abedi alisema kwa sauti ndogo, "Nilipaswa kuja mwenyewe. Nilikuogopa, shemeji. Kila mara unapokuja ninakuona unavyokaa pale. Nilisema nikimwambia, atakaa wapi?"

Wakaenda makaburini. Palikuwa na tuta moja refu, limepakwa saruji, bila jina. Soudi alisimama kwenye kichwa, akasogea katikati, akasogea mwisho. Alijaribu kuomba dua na hakujua aelekeze wapi maneno. Alimwambia Abedi, "Soma wewe." Abedi akasoma. Mama Françoise, Mkristo, alisimama nyuma yao amefunga kitambaa kichwani, analia bila sauti, na alipotaka kumshika Soudi bega aliona bora asimshike.

Chakula kiliandaliwa, hawakula. Wakati wa kuondoka mama Françoise alisema, "Ningejua, nisingekusumbua unilete."

"Si wewe umenileta, mama," Soudi alimjibu. "Wote mulikuwa munanisaidia tu kuja."

Walipofika kwenye lile shimo lililojazwa, Soudi alizima pikipiki, akamwomba mama ashuke. Akaisukuma pembeni, ndani ya nyasi ndefu na tope, kuzunguka udongo mwekundu. Tope lilimfika magotini, gurudumu likakwama, na mama yule mzee akasukuma kwa nyuma. Lori la wachimba madini lililokuwa linakuja liliwapigia honi, likapita katikati ya barabara, juu ya udongo ule, watu wanacheka huko juu. Soudi alisimama kwenye nyasi, akatazama magurudumu mpaka yakaisha kupita.

Jioni Espérance alimwona anaingia ametapakaa tope. Alimpelekea maji ya kuoga, akamkuta hajavua hata viatu. Ndipo Soudi akamweleza, kwa mara ya kwanza, tangu chumvi hadi udongo. Alimaliza, akangoja mke wake akasirike kwa miaka yote ile ya kufichwa.

"Nilijua," Espérance alisema. "Si yote. Nilijua kwamba unaenda kwake. Siku za Lukamba unarudi umetulia."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Nilikuonea wivu. Si juu yake. Juu ya kwamba ulikuwa na mahali." Alikaa kando yake. "Mimi kaka yangu sina hata barabara."

Walikaa hivyo hadi maji ya kuoga yakapoa.

Msikiti mpya wa Lukamba ulifunguliwa baada ya mwezi wa Maulidi. Nyumba nzuri, bati la buluu, vigae sakafuni, feni zinazongoja umeme. Abedi alikuja mwenyewe hadi Alunguli kumwalika shemeji yake, na Soudi alikwenda. Alisali safu ya mbele, ambayo sasa iko pale palipokuwa makaburi. Watu waliomwona wanasema alisujudu muda mrefu kuliko imamu, na alipoinuka alikuwa anapapasa kigae kwa kiganja, kigae hiki na kile, mpaka mtu wa kando yake akamshika mkono. Hakungoja pilau.

Pikipiki aliiuza. Sasa anauza mafuta ya pikipiki kwenye chupa, hapa barabarani Alunguli, kama wauzaji wengine wanaoitwa kadhafi. Wageni bado wanamfuata, kwa sababu jina lake liko kwenye midomo ya watu. Anawaambia kule hakuna kitu cha kuona. Mama Françoise alimpigia simu toka Lubumbashi mara kadhaa. Siku hizi hapokei.

Mimi ninakaa naye mara nyingi mchana, wakati hakuna wateja. Wiki iliyopita aliniambia kwamba sura ya Zaina bado anaiona, akifunga macho inakuja. Ya mtoto imeanza kumpotea. Anakumbuka uzito wake tu, na mgongo wake ulivyokuwa na joto siku ile ya homa. Pale ukutani, alisema, ilikuwa inakuja yote.

Pikipiki ikasimama, kijana akataka lita moja, na Soudi akainuka kwa shida, akashika chupa na faneli.